Programu inakubali kwangu, yadini inakataa

Swali

Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Mafinga, najifunza lugha ya programu ya C# mwenyewe kwa video. Nimemtengenezea mjomba programu ya mauzo kwenye yadi yake ya mbao, kwa Windows Forms (madirisha na vitufe vyake) na .NET 8 (mfumo unaoendesha programu za C#), data zinakaa kwenye SQLite, hifadhidata ya faili moja. Mauzo ya zamani niliyatoa kwenye daftari nikayaingiza kwa DB Browser, programu ya kufungulia faili la SQLite. Kwenye laptopu yangu programu inafunguka vizuri, ila kila nikirekebisha kitu na kuiendesha tena, mauzo mapya niliyoingiza kwa majaribio yanafutika. Nilipopeleka yadini faili la .exe kwa flashi halikufunguka. Nikarudi na folda nzima, nikainstoli .NET, nikaiweka Program Files, ikafunguka. Sasa karani akiuza, programu inasema "Yamehifadhiwa", lakini akitafuta hayapo. Ripoti ya mwezi nayo inaganda mpaka dirisha linaandika Not Responding, na ikitoka inachanganya miezi. Nimeweka try na catch, zile sehemu za kodi za kukamata makosa, kila mahali ili isikwame. Nimekosea wapi? Mjomba ameanza kusema turudi kwenye daftari.

Jibu

Marahaba, mdogo wangu. Mjomba yuko sahihi kuhusu daftari, na wala hilo lisikuvunje moyo. Karani aandike kwenye daftari na kwenye kompyuta kwa pamoja mpaka hesabu za pande zote mbili zikubaliane. Mali ya mtu haijaribiwi kwa programu ambayo bado inatafutwa makosa.

Naanza na hizo try na catch, kwa sababu ndizo zinazokuzuia kuona mengine yote. Ukiacha catch tupu, kosa likitokea programu inalimeza na kuendelea na mstari unaofuata baada ya catch. Na bila shaka mstari wako unaofuata ni ule wa kuonyesha ujumbe wa "Yamehifadhiwa". Karani anauza mbao za 2 kwa 4, anabonyeza Hifadhi, SQLite inakataa kuandika, catch inanyamaza, kisha ujumbe wa kumpongeza unatokea. Huo ni uongo unaoambiwa mtu anayeshika fedha, na nauchukulia kwa uzito kuliko programu inayozima yenyewe. Inayozima, angalau mtu anajua imezima.

Leo hii, kabla hujagusa kitu kingine, pita kwenye kila catch uweke hivi:

```
catch (Exception ex)
{
    File.AppendAllText(njiaYaKumbukumbu, DateTime.Now + " " + ex + Environment.NewLine);
    MessageBox.Show("HAIJAHIFADHIWA. " + ex.Message);
    return;
}
```

Hiyo `njiaYaKumbukumbu` ni mahali lilipo faili la kumbukumbu za makosa. Angalia kwamba nimeandika `ex` yote kwenye faili hilo, si ujumbe wake tu. Hapo utapata jina la kosa na njia iliyopita mpaka likatokea. Mara nyingi na namba ya mstari. Na hiyo `return` ndiyo inayozuia pongezi za uongo.

Ukishafanya hivyo, naamini kompyuta ya yadini itakuonyesha maneno haya: `SQLite Error 8: 'attempt to write a readonly database'`. Maana yake hifadhidata inasomeka lakini haiandikiki. Sababu ni Program Files. Windows inamruhusu mtumiaji wa kawaida kusoma na kuendesha vilivyomo humo, lakini kuandika ni kwa mwenye mamlaka ya administrator. SQLite ikinyimwa ruhusa ya kuandika hufungua faili kwa kusoma tu, ndiyo maana mauzo ya zamani yanaonekana na mapya hayaingii. Utashauriwa umwambie karani abofye Run as administrator. Usifanye hivyo. Programu ya kuuzia mbao haihitaji mamlaka hayo, na utalazimika kumpa karani nywila ya kompyuta nzima.

Dawa ni kutenganisha programu na data. Programu ibaki Program Files. Data ikae kwenye folda ya mtumiaji:

```
string folda = Path.Combine(
    Environment.GetFolderPath(Environment.SpecialFolder.LocalApplicationData),
    "YadiMbao");
Directory.CreateDirectory(folda);

string njia = Path.Combine(folda, "mauzo.db");
string mwanzo = Path.Combine(AppContext.BaseDirectory, "mauzo.db");
if (!File.Exists(njia)) File.Copy(mwanzo, njia);
```

Faili la kumbukumbu za makosa nalo liweke humo humo. Mistari miwili ya mwisho inachukua ile hifadhidata yenye mauzo ya daftari na kuinakili mara moja tu, siku ya kwanza. Baada ya hapo haiguswi tena. Jambo moja la kuuliza yadini: mjomba na karani wanaingia Windows kwa akaunti moja au mbili? Folda hii ni ya kila akaunti peke yake, kwa hiyo zikiwa mbili kila mmoja atakuwa na mauzo yake na hesabu hazitakutana. Kwa yadi yenye kompyuta moja, mimi hushauri akaunti moja ya kazi.

Sasa la kwenye laptopu yako. Dalili inafanana, mauzo hayaonekani, lakini chanzo ni kingine kabisa, na hapa ndipo wanaoanza wengi hupotea wakidhani ni tatizo moja. Fungua Visual Studio, pale unapoandikia kodi, bofya `mauzo.db` kwenye orodha ya mafaili ya mradi, kisha tazama sifa yake ya Copy to Output Directory. Nina hakika imeandikwa Copy always. Hiyo ni amri kwamba kila mradi unapojengwa upya, faili la mradi linakiliwe juu ya lile lililo kwenye bin (folda inayopokea programu iliyojengwa), ambalo ndilo programu ilikuwa ikiandikia. Mauzo yako ya majaribio yaliingia vizuri, kisha yakafunikwa na nakala ya zamani. Wengi hukimbilia Copy if newer. Inapunguza tatizo bila kulimaliza, maana ukibadilisha kitu kwa DB Browser kwenye faili la mradi, lile linakuwa jipya zaidi na kufunika tena. Ukishahamishia data kwenye folda niliyokuonyesha, balaa hili linakwisha kwa sababu programu haiandikii tena bin.

Kuhusu .exe iliyogoma siku ya kwanza: kwenye .NET 8, ukijenga kwa kawaida, hiyo .exe ni kianzishio tu. Kodi yako yenyewe iko kwenye .dll yenye jina lile lile, na pembeni yake kuna runtimeconfig.json na maktaba za SQLite. Usichukue mafaili kwenye bin\Debug. Tumia amri ya Publish ya Visual Studio, beba folda nzima inayotoka. Ukichagua self-contained, .NET inakuja ndani yake na huhitaji kuinstoli kitu, ila folda huweza kupita MB 100. Kwa flashi hiyo si shida. Kwa bando ni kilio. Kwa wateja wangu wa pembejeo hapa Mbeya, Mwanjelwa na Uyole, natumia self-contained, kwa sababu sipendi kumwacha mwenye duka anatafuta intaneti ili aweze kuuza mbolea. Na siku programu ikigoma kufunguka bila kusema neno, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `eventvwr`, ingia Windows Logs kisha Application, tafuta mstari wenye alama nyekundu ulioandikwa .NET Runtime. Kosa limo humo, limeandikwa tayari.

Ripoti inayoganda. Dirisha la Windows Forms ni kama yadi yenye karani mmoja anayehesabu mbao na pia kupokea wateja: ukimtuma akahesabu rundo la nyuma, dirishani hakuna mtu. Windows ikiona dirisha halijibu ujumbe wake kwa takriban sekunde 5, na mtumiaji anaendelea kubofya, inaliandika Not Responding. Kosa la kwanza, nadhani, ni kusoma mauzo yote kisha kujumlisha moja moja kwa mzunguko wa foreach, labda na swali jingine la SQL (lugha ya kuuliza hifadhidata) ndani ya kila mzunguko. Iachie hifadhidata ijumlishe yenyewe:

```
SELECT aina, SUM(idadi), SUM(thamani) FROM mauzo
WHERE tarehe >= '2025-03-01' AND tarehe < '2025-04-01'
GROUP BY aina
```

Mara nyingi hilo peke yake linatosha. Likibaki zito, peleka usomaji nyuma ya pazia, dirisha likiendelea kujibu, kwa `var jibu = await Task.Run(() => SomaRipoti());`, na jedwali la kwenye fomu ulijaze baada ya mstari huo, kamwe si ndani ya SomaRipoti. Ukiligusa kutoka ndani utakutana na `Cross-thread operation not valid`. Utaona video zinazotumia ExecuteReaderAsync na kudai inatosha. Kwa maktaba ya Microsoft.Data.Sqlite haitoshi: amri hizo zina jina la async lakini zinafanya kazi kwa kusubirisha kama zile za kawaida.

Miezi inachanganyika kwa sababu umehifadhi tarehe kama maandishi ya siku/mwezi/mwaka. SQLite inalinganisha maandishi herufi kwa herufi kuanzia kushoto. Ukiomba kati ya 01/03/2025 na 31/03/2025, tarehe 15/01/2025 inapita, kwa kuwa 1 inakuja baada ya 0 na kabla ya 3. Mwezi haujatazamwa hata kidogo. Hifadhi mwaka kwanza, kwa `tarehe.ToString("yyyy-MM-dd", CultureInfo.InvariantCulture)`, na karani achague kwa DateTimePicker, kisanduku chenye kalenda, badala ya kuandika kwa mkono, kwani kompyuta iliyowekewa mpangilio wa Marekani itasoma 05/03 kuwa Mei 3 bila kulalamika. Za zamani zigeuze hivi, kwenye nakala kwanza:

```
UPDATE mauzo SET tarehe =
  substr(tarehe,7,4)||'-'||substr(tarehe,4,2)||'-'||substr(tarehe,1,2)
WHERE tarehe LIKE '__/__/____'
```

Hiyo WHERE inakulinda usije ukageuza mara mbili. Fanya ugeuzaji huu kwenye faili la mradi kabla ya kwenda yadini, ili nakala ya siku ya kwanza iwe safi.

Limebaki la mauzo yaliyopotea tangu programu ianze kutumika. Usimwahidi mjomba kwamba utayapata kwenye kompyuta. SQLite ilikataa kuyaandika, kwa hiyo hayakuwahi kuwepo popote kwenye diski, na hakuna programu ya kurudisha data itakayoyaleta. Kaa na karani mchukue vishina vya risiti kuanzia siku ile, myaingize upya kimoja kimoja. Kabla ya kuanza, ingizeni mauzo mawili matatu, mfunge programu, mzime kompyuta na kuiwasha, kisha mtazame kama bado yapo.