Jibu: Melatonini ya miligramu 10 kila usiku

Ndugu, umeuliza kama melatonini ya miligramu 10 aliyokuletea dada yako kutoka Marekani ni salama kutumia kila usiku, nawe uko kwenye dawa za presha.

Mimi ningeanza na hiyo presha. Melatonini ni homoni ya usingizi, hata kama huko inauzwa rafu moja na vitamini. Inaweza kugongana na nifedipini, dawa mojawapo ya presha, na pia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa hiyo mwonyeshe daktari au mfamasia kopo lenyewe kabla hujameza hata kimoja.

Halafu kipimo. Miligramu 10 ni nyingi mno kwa kuanzia. Wengi huanza na 0.5 hadi 2, saa moja au mbili kabla ya kulala. Tena Marekani huihesabu kama kirutubisho, haikaguliwi kama dawa kabla ya kuingia sokoni. Mwaka 2023 watafiti walipima bidhaa 25 za zile zilizo kama pipi laini: 22 hazikulingana na lebo! Uingereza huipati bila cheti cha daktari.

Kwa uchovu wa safari ndefu ya ndege, siku chache, sioni ubaya. Kila usiku? Tafuta kwanza kinachokunyima usingizi. Na kopo lifiche, watoto watadhani ni peremende.