Stephen King anaishi vipi? Jibu refu kutoka kwa mtunzi mwenzie wa uswahilini

Mleta mada kauliza hivi Stephen King, yule Mmarekani mtunzi wa vitabu vya kutisha, analala kweli, anaandikia makaburini au wapi, huwa anaonekana wapi hadharani, na mtu kama yule akiwa kwake anaangalia nini kwenye TV. Mkuu mmoja hapo juu kajibu kwamba jamaa ana mkataba na shetani ndo maana vitabu haviishi. Nimecheka sana aisee. Mi ni mtunzi mdogo tu wa simulizi za kutisha, nauza vipande kwa WhatsApp, mtu anatuma hela kwenye simu namuunga kwenye grupu, na huyo mzee namsoma tangu nilipookota kitabu chake kwa wauza vitabu vya mitumba pale Posta, kwa hiyo ngoja nijibu kirefu, mvivu wa kusoma apite tu.

Kwanza hakuna makaburi. Ana kitabu kinaitwa On Writing, kilitoka 2000, humo kaanika ratiba yake yote na kiukweli ni ratiba ya karani. Anaandika asubuhi. Mlango unafungwa, muziki wa magitaa ya kelele unafunguliwa, AC/DC na Metallica huko, anakomaa mpaka afikishe maneno aliyojipangia, enzi hizo yalikuwa 2,000 kwa siku, Krismasi anaandika, birthday yake anaandika. Mchana kausingizi na kujibu barua, jioni kusoma, familia na kuangalia besiboli maana ni mnazi wa kufa wa Boston Red Sox. Basi. Muswada ukiisha anauweka pembeni wiki sita hivi hata kuugusa hagusi, ndo anaurudia na kuukata kama asilimia 10. Mwaka 2016 kule Albuquerque, New Mexico, alipandishwa jukwaani na George R. R. Martin, yule wa Game of Thrones, Martin akamuuliza tena kwa kutukana kidogo, we unaandikaje vitabu vingi haraka namna hiyo? Mzee akamwambia anajitahidi kurasa sita kwa siku, kwa hiyo muswada wa kurasa 360 ni kazi ya miezi miwili. Hesabu ya darasa la tatu hiyo, shetani hayumo.

Na mi huku kwangu ni hivo hivo. Naamka kabla ya adhana ya alfajiri kwa sababu nyumba ya kupanga ina watoto na wakishaamka hakuna kuandika tena, nagonga kwenye simu mpaka kupambazuke, naoga naenda dukani kuuza spea za pikipiki. Wasomaji wangu wanaamini naandika saa nane usiku na mshumaa. Kile kipande kilichowanyima watu usingizi kuliko vyote, cha mama anayesikia mtu anafagia uwanja saa tisa usiku na akichungulia fagio limeegemezwa ukutani palepale alipoliacha, nilikiandika kweupe nikinywa chai na mihogo huku jirani kafungulia taarabu mpaka mwisho. Fagio kila mtu analo. Ila sote tumekuzwa na bibi zetu wakitukataza kufagia usiku, kwa hiyo nusu ya kazi bibi kashanifanyia, mi namalizia tu. Na King ndo mchezo wake huo ukimwangalia vizuri, mbwa wa nyumbani, gari bovu la zamani, hoteli iliyofungwa msimu wa baridi, nesi anayempenda mwandishi kupita kiasi. Vitu vya mtaani kwao jimbo la Maine huko Marekani, sio mapopobawa ya kuagiza.

Kuhusu hela, maana najua hapo ndo wengi mnapataka. Kabla ya Carrie, kitabu chake cha kwanza, kutoka 1974 jamaa alikuwa mwalimu wa Kiingereza wa sekondari, Hampden Academy, kabla ya hapo kashafua mashuka kwenye dobi la kiwandani, anaishi na mke na watoto kwenye trela, anaandikia kwenye kachumba ka kufulia nguo na taipureta ya mke wake. Kurasa za mwanzo za Carrie alizitupa kwenye pipa la taka, mkewe Tabitha ndo akaziokota akazisoma akamwambia endelea, hapa kuna kitu. Habari kwamba kitabu kimenunuliwa ilikuja kwa telegramu kwa sababu simu walishaikatisha hawana hela. Alilipwa dola 2,500. Baadae haki za toleo la jalada laini zikauzwa dola 400,000, nusu ikawa yake, akaacha ualimu. Wangu mi akikuta karatasi zangu anauliza kwanza kama nimenunua luku. Simlaumu, hapa kwetu unatoa kipande asubuhi, mchana ushakikuta kwenye grupu la mtu mwingine na jina lako limefutwa, unatumiwa na wewe uambiwe "soma hii kali".

Alafu kuna vijana mnaodhani stori zinatoka kwenye bangi. Mzee mwenyewe kakiri kwenye hicho hicho kitabu kwamba miaka ya 80 alizama kwenye pombe na kokeini mpaka kitabu kama Cujo hakumbuki vizuri alivyokiandika, na anasema hilo kwa huzuni sio kwa sifa, familia ikamkalisha chini ikamwambia chagua, akaacha, na vitabu vikaendelea kutoka. Juni 1999 gari likamgonga akiwa anatembea kwa miguu pembeni ya barabara kule kwao, mguu ukavunjika vunjika, pafu likapata shida, na mwezi uliofuata tu kashakaa kwenye kiti cha magurudumu anaandika kwa maumivu. Hapo ndo namvulia kofia kuliko kwenye mauzo.

Sasa kuonekana hadharani. Haonekani ovyo ila akionekana ni kwa vituko vyake. Kapiga gitaa kwenye bendi ya waandishi watupu, Rock Bottom Remainders, ilianza 1992, na wenyewe wanajitania kwamba hawajui kupiga. Kwenye muvi ya It ile ya pili ya 2019 yumo kama mzee wa duka la vitu vya zamani anamuuzia baiskeli shujaa wa stori, tena anamlalia bei. Agosti 2022 alipanda kizimbani Washington kuitolea ushahidi serikali ya Marekani, iliyokuwa inapinga kampuni ya vitabu ya Penguin Random House isiinunue Simon & Schuster, na hiyo Simon & Schuster ndo wachapishaji wake yeye mwenyewe! Akajitambulisha kwamba yeye ni mwandishi wa kujitegemea tu. Hoja yake kampuni zikiungana waandishi wadogo ndo wanaumia, na mwisho wa Oktoba jaji akauzuia ule ununuzi. Mtu ana mamilioni yake, angeweza kukaa kimya.

Mi nilialikwa mara moja shule fulani kuongea na wanafunzi. Swali la kwanza, umeshawahi kuona jini? Nikawaambia hapana, nikaona kabisa wamenishusha cheo. Kumaliza nikavutwa pembeni na mwalimu wa watu, suti kali, ananong'ona kwamba amesikia mi kwetu Tanga, kwa hiyo nimuunganishie mtaalamu wa uhakika kuna kiwanja chake kina mgogoro. Inbox yangu nusu iko hivyo. Ukitunga mapenzi hakuna anayekuomba mchumba, ukitunga uchawi wote wanajua una namba za waganga.

Na vitu anavyopenda kuangalia ndo vitawashangaza zaidi. Alikuwa na safu yake kwenye jarida la burudani la Entertainment Weekly kuanzia 2003 mpaka 2011 na kila mwisho wa mwaka anataja muvi na vitabu na nyimbo alizozikubali, tamthilia ya Breaking Bad aliisifia mapema kabla dunia nzima haijarukia. 2025 akaweka mtandaoni muvi zake kumi bora, akasema zilizotokana na vitabu vyake kama Misery na Shawshank hazihesabu. Mle mna Sorcerer, The Godfather ya pili, Casablanca, Groundhog Day ambayo ni ya kuchekesha, na ya kutisha labda Jaws tu, yule papa. Mzee wa kutisha wenzie na moja tu ya kutisha! Na wimbo uliomchanganya sijui mtabisha, ni Mambo No. 5 ya Lou Bega, kasimulia mwenyewe kwamba alikuwa anaurudia rudia mpaka mkewe akamtishia talaka.

Mi wala sishangai. Kwangu jioni ni tamthilia za Kituruki zilizotiwa Kiswahili, na mke wangu, tunagombana nani mshenzi kati ya mama mkwe na yule dada tajiri. Humo najifunza kukata kipande pale pale mtu alipokodoa macho, wateja wangu walionitukana wiki iliyopita kwa sababu niliandika ITAENDELEA mlango ukiwa nusu wazi wawalaumu Waturuki. Za kutisha naangalia mchana Jumapili, usiku siwezi, naogopa kama nyie.

Kwa aliyeuliza aanze na kipi, anza na Misery. Watu wawili, chumba kimoja, Kiingereza chepesi, hakuna jini hata mmoja. The Shining, ile ya hoteli iliyofungwa, soma kwanza ndo uangalie muvi ya Kubrick ya 1980, na ukiipenda sana jua kwamba mwenye kitabu hakuipenda kabisa na hajaacha kuisema mpaka leo.