Waliathiriwa, waliiga au walichota?

Msomaji mmoja anaandika makala kuhusu zile picha ndogo za kwenye vitabu vya wafalme wa Mughal kule India, ameniuliza hivi: aseme wachoraji wale "waliathiriwa" na picha za Wazungu au "waliziiga"? Na pale penye mama na mtoto aandike Yesu au Isa?

Ndugu yangu, kuathiriwa iache. Najua magazetini imejaa na kamusi inaikubali, ila masikioni mwetu bado ina madhara ndani yake, mafuriko yameathiri vijiji, fulani ameathirika na kila mtu anajua ni ugonjwa gani, sasa ukisema wachoraji wa Akbar, mfalme wa Mughal, waliathiriwa na Biblia unawafanya wahanga wakati mwenyewe Akbar ndo aliyetuma mjumbe mpaka Goa kwa Wareno kuwaita mapadri Wajesuiti, wakafika mjini kwake Fatehpur Sikri mwaka 1580 na Biblia ya lugha nyingi iliyochapwa Antwerp, yenye picha ndani. Wale hawakupatwa na kitu, walitafuta.

Kuiga na kunakili yana mahali pake. Abu'l Hasan, mchoraji wa Mughal, akiwa na miaka 13, mwaka 1600, alichukua picha ya Mjerumani Dürer ya mwaka 1511 ya kusulubiwa kwa Yesu, akamchora Yohana tu, amesimama kakunja mikono kwa uchungu vidole vimeshikana, mikunjo ya nguo imefuatwa mmoja mmoja. Hapo sema alinakili, manake mstari umefuata mstari. Lakini msalaba kauacha, na watu wengine wote kawaacha, kwahiyo kwa picha nzima neno linalofaa ni kuchota: mtu anachota kisimani kiasi anachotaka, na kisima hakimlazimishi. Mimi nalipenda sana neno hili kwa kazi za Mughal.

Ila angalia mtego mmoja hapo, usije ukaandika Yahya. Yahya ni Yohana Mbatizaji, huyu wa chini ya msalaba ni Yohana mwanafunzi, ni watu wawili tofauti, na nimeshaona mtu kawachanganya kwenye maandishi ya maana kabisa.

Kuhusu Yesu na Isa, jiulize anayetazama ni nani. Ukieleza picha ya Dürer andika Yesu. Ukieleza alivyopokewa ikulu, ambako Kiajemi ndo kilikuwa lugha ya maandishi, andika Isa na Mariamu, na kumbuka mama yake Akbar mwenyewe alikuwa na cheo cha Maryam Makani, yani jina lile lilishakuwa na heshima nyumbani kwao kabla padri hajafungua mzigo wake.

Na kwa vile hukuuliza ila utakutana nalo: vile vitoto uchi vyenye mabawa, kama kwenye picha ya mchoraji Bichitr inayomwonyesha mfalme Jahangir, mwana wa Akbar, aliyeketi juu ya saa ya mchanga, anampa shehe kitabu na mfalme James wa Uingereza yuko chini anasubiri, usihangaike kutafuta neno la kigeni, andika malaika tu. Sisi malaika ni yule wa mbinguni na ni mtoto mchanga pia, kwahiyo neno moja limebeba mabawa na utoto, na kwenye picha ile viko viwili hewani juu ya kichwa cha Jahangir, kimoja kimefunika macho kwa mikono.