Laptopu inakataa nenosiri, simu hazioni folda: tatizo liko wapi?

Swali

Habari za kazi, fundi. Nyumbani tuna kompyuta ya mezani yenye Windows 11, laptopu ya zamani kidogo yenye Windows 10, simu mbili za Android na iPhone moja. Zote ziko kwenye Wi-Fi ileile. Nimechoka kujitumia picha na nyaraka kwa WhatsApp, maana picha zinafika zimepungua ubora, na flashi kila siku inatafutwa. Nimejaribu kuishea folda moja ya kompyuta ya mezani. Laptopu inaiona, lakini inapoomba jina na nenosiri naandika namba zilezile ninazofungulia kompyuta kila siku, inakataa. Simu ndiyo kabisa, hazioni kitu. Jamaa mmoja ameniambia niwashe kitu kinachoitwa SMB 1.0 na nizime ulinzi wa nenosiri, eti kila kitu kitafunguka. Nimsikilize? Na je, mambo haya yanakula bando?

Jibu

Nzuri, ndugu yangu. Nianze na bando, maana jibu lake ni fupi: halitumiki hata kidogo. Faili linatoka kwenye kompyuta, linafika kwenye ruta, ruta inalipeleka kwenye simu. Halitoki nje ya nyumba. Hata intaneti ikikatika siku nzima, kushea kunaendelea. Kuna mtego mmoja tu hapo: simu nyingi zikigundua kwamba Wi-Fi haina intaneti hukimbilia data ya laini kimyakimya, na zikishahama haziioni tena kompyuta. Simu ikikuuliza kama ubaki kwenye Wi-Fi isiyo na intaneti, kubali, au zima data kwa muda.

Sasa tuje kwenye shida yenyewe. Soma tena ulichoniandikia: laptopu inaiona kompyuta na inaombwa nenosiri. Hiyo ni habari njema kuliko unavyodhani. Kabla mtu hajaombwa nenosiri, ni lazima vifaa viwili viwe vimeonana, ruta iwe imepitisha mazungumzo, na ulinzi wa mtandao ndani ya Windows uwe umefungua njia. Vyote hivyo vimeshapita. Umefika mlangoni, umebisha hodi, umeitikiwa. Kilichobaki ni kujulikana wewe ni nani, na hapo ndipo ulipokosea.

Zile namba unazofungulia kompyuta siyo nenosiri. Ni PIN, na PIN ya Windows imefungwa kwenye mashine hiyo moja. Haikubaliki ukija kwa njia ya mtandao, hata uiandike sawasawa mara mia. Kinachotakiwa ni nenosiri la akaunti. Kama kompyuta hiyo uliifungua kwa akaunti ya Microsoft, jina la mtumiaji ni barua pepe nzima na nenosiri ni la barua pepe hiyo. Watu wengi wamelisahau tangu siku waliyonunua kompyuta, na wengine wameshaondoa nenosiri kabisa kwenye akaunti zao, kwa hiyo hakuna hata cha kuandika.

Ungeweza kulitafuta au kulibadilisha, lakini mimi sikushauri. Kuandika nenosiri la barua pepe yako kwenye kila simu ya nyumbani ili mtoto aangalie katuni si jambo la busara. Tengeneza akaunti ndogo ya pembeni yenye kazi moja tu, kufungua folda hiyo. Kwenye kompyuta ya mezani fungua dirisha la amri (Command Prompt) kama msimamizi (“Run as administrator”), kisha andika:

net user nyumbani * /add

Itakuomba nenosiri mara mbili. Usishtuke usipoona herufi zikitokea unapoandika. Zinaingia, ila hazionyeshwi. Akaunti hiyo itaonekana pia kwenye skrini ya kuingilia, na haina madhara. Kisha andika na amri hii:

net accounts /maxpwage:unlimited

Hii ya pili huachwa na wengi, halafu wanarudi kwa fundi. Nenosiri la akaunti iliyotengenezwa kwa njia hiyo kwa kawaida huisha muda baada ya siku 42. Kushea kunafanya kazi vizuri mwezi mzima na siku kadhaa, kisha asubuhi moja simu zote zinakataliwa na hakuna aliyegusa kitu. Watu huishia kubadilisha ruta kwa kosa ambalo liko kwenye kalenda.

Baada ya hapo, bofya folda kwa kitufe cha kulia cha kipanya, nenda “Properties”, kisha “Sharing”, halafu kitufe cha “Share”. Andika jina nyumbani, liongeze, na uchague kama ataruhusiwa kusoma tu au na kuandika. Ukurasa huohuo una kitufe kingine cha “Advanced Sharing”, ambacho maelekezo mengi hukipenda. Hakina ubaya, ila kinagusa ruhusa za mtandao peke yake. Folda za Windows zina ruhusa za aina mbili, za mtandao na za diski, na pale zinapotofautiana ile iliyo kali zaidi ndiyo inayoshinda. Ndiyo maana mtu anatoa ruhusa zote upande mmoja, akiingia bado anaambiwa hana ruhusa. Kitufe cha kawaida kinapanga pande zote mbili kwa pamoja. Na ukiona maelekezo yanayokuambia utengeneze HomeGroup, njia ya zamani ya Windows ya kushea nyumbani, yafunge tu; kitu hicho kiliondolewa kwenye Windows 10 mwaka 2018.

Usiishee diski nzima. Tengeneza folda moja, mathalani Pamoja, kisha weka humo kile unachotaka kionekane.

Rudi kwenye laptopu, izime na uiwashe kwanza. Windows haipendi mtu yuleyule kuingia kompyuta moja kwa majina mawili kwa wakati mmoja, na kwa kuwa ulishajaribu kwa jina lingine, inaweza kukugomea hata ukiwa sahihi. Ikishawaka, fungua dirisha lolote la mafaili, na pale juu panapoonyesha njia ya folda andika mikwaju miwili ya kinyume ikifuatiwa na anwani ya IP ya kompyuta ya mezani, yaani namba inayoitambulisha kwenye mtandao, kwa mfano \\192.168.1.20. Anwani hiyo unaipata kwa kuandika ipconfig kwenye kompyuta ya mezani na kusoma mstari wa IPv4. Ukiombwa, andika nyumbani na nenosiri lake. Ikiendelea kukataa, tanguliza jina la kompyuta, mkwaju wa kinyume, kisha nyumbani.

Nimependekeza namba badala ya jina kwa makusudi. Namba ikifungua na jina lisifungue, shida ni ya kutafuta majina tu na unaweza kuishi nayo. Vyote viwili vikikaa kimya bila hata kuomba nenosiri, hapo sasa angalia kama kompyuta ya mezani imeiweka Wi-Fi yako kwenye kundi la “Public”, kama ya mgahawani, badala ya “Private”. Lakini wewe hujafika huko, kwa hiyo usibadilishe kisichoharibika.

Tatizo la namba ni kwamba hubadilika. Ruta huzigawa upya inapoona inafaa, na kesho 20 ikawa 23. Ingia kwenye mipangilio ya ruta, tafuta sehemu ya DHCP, ambayo ndiyo hugawa namba hizo, uifungie kompyuta hiyo namba yake. Ruta nyingi zina nafasi hiyo.

Tuje kwenye simu. Hazina ugonjwa wowote. Programu ya mafaili inayokuja na Android nyingi haijui lugha ya SMB, ambayo ndiyo Windows huitumia kushea folda. Ni kama kumwita mtu kwa lugha asiyoielewa. Hajakunyima jibu, hajakusikia. Baadhi ya kampuni huweka uwezo huo wenyewe, kwa mfano Samsung ndani ya My Files. Kwa simu nyingine weka programu kama Solid Explorer au CX File Explorer, chagua kuongeza hifadhi ya mtandao ya aina ya SMB, uandike anwani ileile, jina nyumbani na nenosiri. Kama unachotaka ni kutazama video tu bila kuzihamisha, VLC inaingia kwenye folda hiyo moja kwa moja na kucheza ikiwa hukohuko.

iPhone haihitaji programu ya ziada. Tangu iOS 13 ya mwaka 2019, programu ya Files inaijua SMB. Ifungue, gusa alama ya nukta tatu, chagua kuunganisha seva, andika smb:// ikifuatiwa na anwani, kisha ingia kama mtumiaji aliyesajiliwa, siyo kama mgeni. Ukiweka programu nyingine ya mafaili kwenye iPhone baadaye ikagoma, usifikirie kompyuta kwanza. Tangu iOS 14 kila programu uliyoipakua huomba ruhusa ya kugusa vifaa vya mtandao wa nyumbani, na aliyebonyeza “hapana” bila kusoma huwa amesahau kwamba alibonyeza. VPN kwenye simu nayo huzuia, maana inayapeleka mawasiliano nje ya nyumba wakati unachokitafuta kipo chumba cha pili. Na kagua kama simu imeunganishwa kwenye Wi-Fi ya wageni. Wi-Fi hiyo imetengenezwa ili waliomo wapate intaneti bila kuviona vifaa vingine, hivyo ikikuzuia inafanya kazi yake.

Kuhusu kasi, nakuonya mapema ili usivunjike moyo. Kasi unayolipia ya intaneti haihusiki. Kinachohusika ni Wi-Fi yenyewe, na ikiwa kompyuta na simu zote zinatumia Wi-Fi, faili moja linapita hewani mara mbili: linapanda kwenye ruta, kisha linashuka kwenye simu. Hewa ni ileile, kwa hiyo kasi hupungua karibu nusu. Kompyuta ya mezani haitembei; ichomeke kwenye ruta kwa kebo ya mtandao, utaona tofauti siku hiyohiyo. Simu nazo zitumie masafa ya 5 GHz zikiwa karibu na ruta, kwa sababu 2.4 GHz hufika mbali lakini huwa na msongamano. Video ya GB 4 ikisafiri kwa megabaiti 5 kwa sekunde inachukua zaidi ya dakika 13. Ikisafiri kwa megabaiti 40 haifiki dakika 2. Ila usichanganye megabaiti na zile megabiti zilizoandikwa kwenye boksi la ruta. Megabiti 8 ndizo megabaiti 1, na hata hivyo namba ya boksini ni ya maabara, haina kuta wala friji katikati.

Kisha kuna swali ambalo hukuuliza. Je, unahitaji folda ya kudumu, au unataka tu kurusha picha kumi leo na nyingine wiki ijayo? Kama ni hilo la pili, haya yote niliyoeleza ni kazi kubwa kwa faida ndogo. Weka LocalSend kwenye vifaa vyote vitano. Ni ya bure, haina akaunti, inafanya kazi kwenye Windows, Android na iPhone, na inapitisha faili ndani ya mtandao wa nyumbani likiwa na ubora wake wote. Kwa Android na Windows kuna pia Quick Share. AirDrop ya Apple ni nzuri sana lakini haiji kwenye Windows. Bluetooth iache kwa spika na vifaa vya masikioni; kwa picha kumi utasubiri, kwa video utalala. Folda ya kudumu inafaa pale ambapo watu kadhaa wanarudi kwenye mafaili yaleyale kila siku, na inadai kompyuta ya mezani iwe macho. Kompyuta ikisinzia, folda inapotea. Badilisha mpangilio wa kulala kabla hujaanza kulaumu Wi-Fi.

Sasa huyo jamaa yako. SMB 1.0 ni toleo kuukuu la lugha ileile ya SMB, na Microsoft wameacha kuliweka kwenye Windows mpya tangu mwishoni mwa 2017. Mwezi Mei mwaka huohuo virusi vya WannaCry vilienea duniani kwa kupitia udhaifu wa toleo hilo, vikafunga mafaili ya watu na kudai malipo; hospitali za Uingereza zilikuwa miongoni mwa walioumia. Vifaa vyako vyote vitano vinatumia matoleo mapya bila shida, kwa hiyo kuliwasha hakukupi chochote. Kuzima nenosiri kuna maana kwamba yeyote mliyewahi kumpa Wi-Fi, pamoja na mgeni wa mwaka jana ambaye simu yake bado inaikumbuka, ataingia kwenye folda bila kuulizwa. Na akikuongezea siku moja kwamba ufungue mlango 445 kwenye ruta ili uyafikie mafaili ukiwa safarini, mkatalie papo hapo. Huo ndio mlango wa SMB, na haupaswi kuonekana kutoka nje ya nyumba yako.

Ukifuata hatua hizi na laptopu ikakataa tena, niandikie maneno kamili ya ujumbe unaotokea pamoja na namba yake kama ipo. “Imegoma” peke yake hainisaidii.