Nilikuwa namsubiri mwimbaji

Swali lenu la wiki hii mmeuliza albamu gani ilikuchukua muda mrefu kuielewa, na nini kilikuja kukufungua masikio. Nimelisoma nikiwa kwenye daladala nikasema hili ni langu kabisa, ila naomba mnivumilie maana siwezi kujibu kwa albamu moja. Zangu ni tatu na zimeshikana mikono, ya tatu nisingeifikia bila ya zile mbili za mwanzo.

Kwanza mjue mi ni mtoto wa Tanga, Ngamiani. Kwetu neno jazz lilikuwa na maana yake na hakuna aliyekuwa anaulizia, jazz ni bendi. Atomic Jazz, Jamhuri Jazz, ukitoka nje ya mkoa kuna Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, Western Jazz, Tabora Jazz, Kilwa Jazz. Magitaa yanafukuzana, saksafoni inakuja kati, na mwimbaji analalamika mapenzi yamemtesa. Baba alikuwa na kaseti zake kwenye boksi la viatu na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuzigusa, wikiendi jioni zinatoka moja moja. So mjomba wangu aliyekuwa baharia aliporudi mwaka 1998 na CD mkononi akasema "leo nimewaletea jazz ya Marekani", sote tukajipanga sebuleni tukijua yanakuja magitaa.

CD yenyewe ilikuwa Kind of Blue ya mpiga tarumbeta Miles Davis. Inaanza beisi na piano wananong'onezana, huelewi kama wameshaanza au bado wanapima vyombo, alafu beisi inasema neno lake na wapulizaji wanaitikia kwa noti mbili tu, beisi inasema tena, wanaitikia tena. Kuitikia nikakuelewa, hata kwenye dansi kupo. Nikakaa nasubiri mwimbaji aingie. Dakika ya pili, ya tatu, ya tano, haingii. Nikauliza, mjomba mbona hawa hawaimbi? Akaniambia, "Anaimba huyo mwanangu, hujamsikia? Msikilize tarumbeta." Nikaona mjomba ananizuga. Baba alivumilia nyimbo mbili akainuka kiungwana akarudi barazani kwenye kahawa yake.

Basi ile CD ikakaa kabatini miaka. Nimeirudia nikiwa najifunza gitaa, na hapa nieleze vizuri kwa sababu ndo mlango wangu ulipofunguka. Nlikuwa nataka kupiga nikiifuatisha, na wimbo wa kwanza kodi zake, yani zile noti zinazopigwa pamoja, ni mbili tu, wanakaa kwenye ya kwanza muda mrefu, wanapanda freti moja tu juu, hatua moja kwenye shingo ya gitaa, wanakaa nusu ya muda ule, wanashuka walikotoka. Basi. Nikashtuka, hii si ndo sebene? Kwenye sebene si wanakukalisha sehemu moja ili mpiga solo apate nafasi ya kusema yake? Jazz nyingi ya miaka ile ya hamsini ilikuwa inabadilisha kodi mbio mbio, Miles akaamua apunguze kodi ili watu wapate pa kupumua. Mtoto wa Atomic Jazz hilo hafundishwi, anajua tangu tumboni.

Ila kulikuwa na jambo linanisumbua kweli kweli. Gitaa langu nalitune vizuri, napiga na nyimbo tatu za mwanzo halikubaliani, kila kitu kiko juu kidogo tu, siyo noti nzima, ni kama mtu kavaa kiatu cha namba nyingine. Nikifika wimbo wa nne na wa tano gitaa linakaa sawa. Nikarudia mara ngapi sijui, nikalaumu nyuzi, nikalaumu masikio yangu. Nimekuja kusoma baadae sana kumbe ni kweli, albamu ilirekodiwa siku mbili tu, tarehe 2 Machi na 22 Aprili 1959, kwenye studio ya Columbia ya mtaa wa 30 New York, jengo ambalo zamani lilikuwa kanisa, na ile siku ya kwanza mashine ya tepu ilikuwa inazunguka taratibu kuliko inavyotakiwa, kwa hiyo ukija kuipiga kwenye mashine iliyo sawa muziki unakimbia kidogo na sauti inapanda. Nyimbo tatu za siku ile zikauzwa hivo hivo zaidi ya miaka thelathini mpaka zilipokuja kurekebishwa 1992, na CD ya mjomba ilikuwa ya zamani. Siwezi kuwaelezea furaha niliyoipata siku ile, yani masikio yangu hayakuwa mabovu, yalikuwa yanasikia kitu ambacho kweli kipo!

Alafu kuna hili la hedifoni. Nimeisikiliza hii albamu kama miaka miwili kwenye simu na hedifoni iliyokufa upande wa kulia, nasafiri nayo Tanga Dar, Dar Tanga. Siku nimenunua mpya, tumefika karibu na Segera usiku, Coltrane, mmoja wa wapiga saksafoni wao, kamaliza solo yake sikio la kushoto, na sikio la kulia anaingia mtu mwingine kabisa, saksafoni nyepesi inayochekacheka, ina joto kama mtu anayekupokea mlangoni. Ndo Cannonball Adderley. Miaka miwili nlikuwa namsikia kwa mbali kama yuko chumba cha pili anaongea na wenzie, kumbe alikuwa anaongea na mimi. Nilirudisha nyuma mpaka chaji ikaisha. Na pale ndo nikakubali maneno ya mjomba kwamba wanaimba hawa, kila mmoja na koo lake.

Ya pili ni rock, na najua baadhi ya wasomaji wenzangu hapa watauliza rock na Tanga wapi na wapi. Rafiki niliyesoma nae chuo alienda kusoma Marekani akarudi na diski imejaa muziki wa zile bendi ndogo ndogo zisizo na kampuni kubwa nyuma yao, wenyewe wanaita indie. Nyingi zilinipita. Kulikuwa na albamu ya Vampire Weekend ya 2008, wale vijana wa New York waliochukua gitaa la Kikongo mpaka wimbo mmoja wakaupa jina la kwassa kwassa, ni nzuri, inachangamsha, lakini kwa aliyekulia kwenye gitaa lenyewe ni kama kuonjeshwa pilau ugenini, tamu ila unajua bizari imepungua. Niliyoishia nayo ni ya Yo La Tengo ya mwaka 1997, I Can Hear the Heart Beating as One. Hawa ni watatu tu, wanatoka Hoboken, New Jersey, ng'ambo ya mto ukiwa New York, Ira Kaplan anapiga gitaa, mkewe Georgia Hubley anapiga drams, na James McNew beisi, na wanaimba.

Shida yangu ilikuwa hapo kwenye kuimba. Wanaimba chini chini mno. Mara ya kwanza nlidhani spika zimeungua, nikaongeza sauti, gitaa likanipasua kichwa na mwimbaji bado yuko kule kule. Georgia anaimba kama mtu ambaye mtoto amelala chumba cha pili na hataki aamke. Mi nimelelewa na waimbaji waliokuwa wanasimama mbele ya bendi kifua wazi, nikaona hawa wananibania. Nikaiacha, nikairudia, nikaiacha tena.

Iliyonikamata ni nyimbo mbili. Moja inaitwa Autumn Sweater, haina gitaa kabisa, ni kinanda cha ogani na ngoma zinazochekecha kama mchele kwenye ungo, na maneno ni ya mtu mwenye haya yuko kwenye shughuli ya watu, anatamani yeye na mwenzie watoroke tu waondoke. Tanga hakuna msimu wa majani kupukutika wala hatujui habari za sweta, lakini ile haya naijua vizuri, na nikaelewa kwamba mtu mwenye haya akiimba kwa kifua kipana atakuwa anadanganya. Sauti ile ndogo ndo ukweli wa wimbo. Nyingine ni Green Arrow, haina maneno, gitaa linateleza taratibu na nyuma yake wameweka sauti za nyenje wa usiku. Nilikuwa nimekaa nyumbani umeme umekatika, nasikiliza kwa simu, nikatoa hedifoni moja kuangalia kama nyenje ni wa kwenye wimbo au wa kwetu uani. Walikuwa wote wawili. Nilikaa vile vile hedifoni moja sikioni moja mkononi mpaka wimbo ukaisha.

Siidanganyi nafsi yangu, ule wimbo wao mrefu wa kelele wa dakika kumi na kidogo karibu na mwisho bado naruka, sijaufikia. Lakini kelele nyingine za gitaa la Ira sa hivi nazipenda kwa sababu nishajua yuko mtu ndani yake anajificha.

Sasa ya tatu, na hii ndo jibu lenyewe la swali lenu. Mwandishi, ya Herbie Hancock. Niliikuta kwa sababu ya jina tu, natafuta vitu vya huyu mpiga piano aliyekuwa na bendi ya Miles kuanzia 1963, naona albamu ya Mmarekani imeandikwa Mwandishi, nikadhani macho yangu. Kumbe ilikuwa miaka ile Wamarekani weusi wengi walikuwa wanakitafuta Kiswahili, miaka ile ile Maulana Karenga alipoanzisha Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani weusi, 1966, na kijana anayeitwa James Mtume, mtoto wa mpiga saksafoni Jimmy Heath, akawapa Herbie na wenzie majina. Herbie akawa Mwandishi. Buster Williams wa beisi akawa Mchezaji, Billy Hart wa drams Jabali, Bennie Maupin Mwile, wameandika na e mwishoni, Julian Priester wa tromboni Pepo Mtoto, na Eddie Henderson wa tarumbeta Mganga. Sisi mpiga beisi tungemwita mpigaji, na pwani neno pepo ni zito mtu halichezei, lakini nilivyoyasoma yale majina yamepangwa mstari mmoja nlipata kitu kooni. Watu walionyang'anywa lugha za babu zao wameenda kuokota majina ya kujiita wakayachukua kwetu, kwenye hii hii lugha ninayogombania nayo nauli na konda. Na Mganga kweli alikuwa daktari, kasomea udaktari Chuo Kikuu cha Howard na kutibu alikuwa anatibu.

Pamoja na mapenzi yote hayo, albamu ilinishinda. Wameirekodi siku ya mwisho ya 1970 San Francisco, ina nyimbo tatu tu, wa kwanza wameutoa kwa ajili ya Angela Davis, mwanaharakati Mmarekani mweusi ambaye wakati ule alikuwa gerezani. Beisi inarudia mstari mmoja dakika kumi na tatu, na hesabu yake ni mapigo 15 kila mzunguko, mguu ukikanyaga nne nne nne, ya mwisho inakuja tatu, unajikuta umekanyaga hewa. Juu yake kila mtu anapita, piano ya umeme inatoa moshi, hata mpiga gitaa la rock wamemuita, Ronnie Montrose. Hakuna kiongozi! Nilimtafuta mwimbaji kwa maana ile ya mjomba, yani koo moja la kufuata, sikumpata. Jina lipo langu, muziki unanikataa. Iliniuma, nisiseme uongo.

Miaka kama sita hivi nikawa naifungua naifunga. Iliyonisaidia ni Kind of Blue kwa upande wa kukaa sehemu moja bila haraka, na Yo La Tengo kwa upande wa kuacha kumtaka mtu asimame mbele. Siku moja nafua, nimeiweka kwenye spika ya bluetooth juu ya tenki la maji, sisikilizi kwa kukaza, mikono iko kwenye povu, nikagundua nafikicha nguo kwa ile 15. Nne nne nne tatu. Mikono imeshaijua kabla yangu. Nikasimama nikasikiliza na maji yananidondoka, na nikaona kumbe hawa wanasikilizana wao kwa wao, mmoja akisema kidogo mwingine anamwachia, kama wazee barazani ambapo hakuna mwenyekiti na mazungumzo yanaenda mpaka usiku. Nlikuwa nasubiri mwimbaji na nyumba nzima inaongea.

Idi iliyopita nilienda nyumbani. Mjomba keshatangulia mbele ya haki, baba yupo, macho yamepungua ila masikio mazima. Nikamwekea wimbo wa pili, ule ulio taratibu, jina lake kwa Kiswahili ni kama kusema utajua ukifika. Nlijua atainuka kama siku ile ya 1998. Hakuinuka. Dakika nyingi zikapita, kahawa inapoa, akauliza, "Huyu anayepuliza nani?"

Nikamwambia anaitwa Mganga, baba.

"Mganga wa kweli?"

Daktari kabisa, alikuwa anatibu watu.

Akanyamaza, akasogeza kiti karibu na spika. "Basi mwache atibu," akasema, na tukakaa vile mpaka mwisho.