Newton alizaliwa mwaka gani?

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imefika. Unasema unaandika wasifu mfupi wa watu kumi wa kale, na umekwama kwa Newton, yule mwanasayansi Mwingereza: kitabu kimoja kinasema alizaliwa 1642, kingine 1643. Ushike kipi?

Vyote viko sawa. Uingereza ilibaki na kalenda ya Juliasi hadi 1752, wakati Italia ilishahamia ya Gregori, hii tunayotumia leo, tangu 1582. Kwa hesabu ya kwao Newton alizaliwa 25 Desemba 1642. Kwa hesabu ya leo ni 4 Januari 1643. Kifo chake kinatatiza zaidi. Kaburi lake pale Westminster Abbey limechongwa 20 Machi 1726, nawe utasoma kwingine 31 Machi 1727. Zile siku 11 ni tofauti ya kalenda. Mwaka uliozidi ni kwa sababu mwaka wa Waingereza ulianza 25 Machi. Chagua kalenda moja, itaje mwanzoni, kisha usiiache njiani.

Kwa hiyo ile sentensi yako kwamba Newton alizaliwa mwaka uleule aliokufa Galileo, mwanasayansi wa Italia, ifute. Najua ni tamu. Galileo alikufa 8 Januari 1642 kwa kalenda ya Gregori, ambayo kwayo Newton ni wa 1643. Ukienda kwa Juliasi, Newton anarudi 1642 lakini Galileo naye anarudi 29 Desemba 1641. Hawakutani popote.

Ibn Battuta, yule msafiri wa Moroko, ana tatizo la aina hiyohiyo. Aliondoka Tangier Rajabu 725 Hijiria, yaani Juni 1325, akiwa na miaka 22 kwa hesabu yake. Mwaka wa Hijiria ni mfupi kwa siku kama 11, na katika miaka 22 hiyo ni miezi minane hivi. Ndiyo maana wengine wanaandika 21.

Kwa Augusto, kaisari wa Roma, 63 KK hadi 14 BK, usijumlishe tu ukapata 77. Hakuna mwaka sifuri, kwa hiyo toa 1. Na kwa kuwa alikufa Agosti naye alizaliwa Septemba, toa tena 1. Alikuwa na miaka 75.

Napoleon hakuwa mbilikimo. Zile futi 5 na inchi 2 za kimo chake ni za Kifaransa, na inchi yao ilikuwa karibu milimita 27. Zidisha: unapata kama sentimita 168. Anayezisoma kwa inchi za Kiingereza anambakishia 157.

Majina nayo yaangalie. Zheng ndilo jina la ukoo la Zheng He, baharia wa China. Genghis Khan ni cheo alichopewa mtawala wa Wamongolia mwaka 1206, jina lake ni Temujin. Na kwa mwandishi wa Kijapani, usiandike “Murasaki Shikibu alipewa jina hilo na wazazi wake.” Shikibu limetokana na kazi ya baba yake katika wizara ya sherehe, na Murasaki ni mhusika wa riwaya aliyoiandika yeye mwenyewe.

Nitumie hao waliobaki.

Baba yako