Ulizo moja kwa komini zote

SWALI: Ndugu Mhariri, katika maktaba yetu hapa Bukavu tunauliza grafu ya maarifa (data iliyopangwa kama mtandao wa vitu na mahusiano yake) kwa SPARQL, lugha ya kuulizia data ya namna hiyo, na kwa kila komini, Ibanda, Kadutu au Bagira, tunanakili ulizo zima upya. Tufanyeje?

JIBU: Ndugu msomaji, andikeni kiolezo kimoja chenye kigezo, yaani nafasi ya kujazwa, mahali pa jina la komini; SPARQL 1.1, iliyoidhinishwa na W3C (shirika la viwango vya Wavuti) mwaka 2013, ina neno VALUES linalopokea thamani hizo bila kugusa sehemu nyingine. Nawasihi sana msiunganishe maandishi ya mtumiaji moja kwa moja na ulizo, kwani mwenye nia mbaya aweza kusoma data isiyomhusu, au kuifuta ikiwa kiolezo ni cha kubadilisha data. Violezo vihifadhiwe katika Git, programu ya kutunza matoleo ya faili, kila kimoja na maelezo yake.